Sindano za Fundi

Maumivu ya kisigino yana tabia moja ya kishenzi: hukuvizia asubuhi. Usiku mzima yanakaa kimya, unajigeuza utakavyo, unadhani yamekwenda zake. Kisha unashusha mguu sakafuni na hapo ndipo yanapokukaribisha. Mke wa Fundi alikwisha kuyajua. Alishusha vidole kwanza, akashika ukuta, akavuta pumzi, halafu akaenda bafuni kwa kunyata kama mtu anayeingia nyumba isiyo yake. Chai ilipochemka, kisigino kilikuwa kimekubali kukanyaga kidogo.

Kitandani, Fundi alikuwa macho. Aliusikia ukuta ukipapaswa na alifumba macho makusudi, kwa sababu mume akimwona mkewe anachechemea inambidi aseme neno, na yeye neno hakuwa nalo. Alikuwa fundi cherehani wa suti tangu ujana wake, na mkono wake ulisifika. Lakini siku hizi watu hununua suti za mtumba na kumletea yeye suruali azifupishe tu, na kwa kufupisha suruali za watu nyumba haiendi. Nyumba iliendeshwa na mkewe, mfagizi katika jengo la ofisi la ghorofa tisa. Karo ya binti yao aliyekuwa shule ya bweni nayo ilitoka kwenye ndoo hiyo hiyo ya kupigia deki.

"Unakwenda hivyo hivyo?" aliuliza siku hiyo, alipoona hawezi tena kujifanya amelala.

"Niende vipi? Nibebwe?"

"Nauliza tu, mama."

"Usiniulize. Niombee."

Jengo lilikuwa na lifti mbili, lakini mwenye ndoo hakuruhusiwa kuzipanda, maji yasije yakamwagikia viatu vya wakubwa. Wafagizi walipanda ngazi. Na msimamizi wao alikuwa na mtindo wake: kila asubuhi alisimama chini ya ngazi, mikono nyuma, akamsalimu kila anayepanda. Mgeni angemsifu kwa adabu. Wafagizi walijua kwamba salamu ile ilikuwa ya kupimia magoti na nyayo. Anayejibu huku anahema, anayeng'ang'ania reli, anayetua ndoo kabla ya kona, wote waliingia kichwani mwake wakabaki humo. Wao walimwita Mzani, ingawa si mbele yake.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo, mkuu."

"Na mguu nao haujambo?"

"Umelala vibaya tu."

"Wangu haujawahi kulala vibaya," alisema Mzani, akacheka kidogo. Kisha akashusha sauti. "Mwisho wa mwezi mkataba wa usafi unaanza upya. Wenye jengo wanataka watu wachache zaidi, na wawe wazima. Nakuambia kwa wema."

Alimshukuru kwa wema huo. Akapanda wima, bila kushika reli, mpaka alipopita kona na kuhakikisha haonekani. Hapo alitua ndoo, akaketi kwenye ngazi, akauma pembe ya kitambaa chake cha kichwa ili asipige kelele. Mwenzake aliyemfuata alimruka taratibu na kumnong'oneza pole. Hakusimama, kwa sababu naye Mzani alikuwa akimhesabia mwendo.

*

Dada mdogo wa Fundi alikuwa msusi. Alikuwa na mdomo mrefu na moyo mpana, na kimoja hakikutoka nyumbani bila kingine. Alikuja kuwaamkia Jumamosi, akamwona wifi yake akitoka jikoni na birika.

"Wifi, ngoma gani hiyo unacheza?"

"Ya kisigino."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Na kaka yangu ndiye mpiga zumari?"

Fundi hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa akilifumua. "Tumejaribu dawa," alisema. "Tumechua kwa maji ya chumvi, tumemeza vidonge, tumepaka kila kitu ila mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa nayo tulipaka," alisema mkewe.

Wifi hakucheka. Alieleza habari ya mtabibu mmoja wa sindano, mwanamke aliyesomea kazi hiyo, ambaye alimtibu yeye mwenyewe bega, wakati lilipokuwa haliwezi hata kuufikisha mkono kichwani mwa mteja. Sasa alisuka kutwa nzima. Aliunyanyua mkono juu, akauzungusha, kama ushahidi.

"Sindano za dawa gani?" aliuliza Fundi.

"Hazina dawa. Zinachomwa zilivyo, nyembamba kama nywele, zinaachwa kidogo, kisha zinatolewa."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Sindano tupu! Basi na mimi ni daktari miaka yote hii na sijijui."

"Cheka, kaka. Kesho kutwa tunakwenda. Na nalipa mimi, iwe zawadi yangu kwa wifi."

Cheko la Fundi liliishia hapo hapo. Alitaka kusema kwamba si lazima, kwamba atalipa mwenyewe, lakini dada yake aliujua mfuko wake kama alivyoijua sura yake. Alikata uzi kwa meno, akasema wapange wanavyotaka.

*

Chumba cha mtabibu kilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda mpaka kitandani. Mtabibu alikuwa mtu mzima, mwenye kucha zilizokatwa hadi mwisho na sauti isiyo na haraka. Aliuliza mambo ambayo mke wa Fundi hakuwahi kuulizwa na mtu: kinauma zaidi saa gani, anasimama juu ya sakafu ya namna gani, kiatu chake kina soli nene au nyembamba. Alibonyeza unyayo kwa kidole gumba mpaka mgonjwa akaruka.

"Hapa chini kuna utando unaoshika unyayo wote," alisema. "Wako umevutwa mno. Umechoka."

"Basi umefanana na mwenyewe."

"Sindano zitalegeza misuli na kutuliza maumivu. Si miujiza, mama yangu. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine ndogo, wengine hawapati. Tutajaribu."

Fundi alisimama kando ya pazia akitazama mikono ya mtabibu. Hicho ndicho kitu alichojua kukitazama duniani: mkono wenye sindano. Mtabibu alifuta ngozi kwa dawa, akafungua kipakiti kipya, akachoma. Mbili ziliingia kwenye kigimbi. Nyingine zikaingia upande wa ndani wa kifundo cha mguu na ubavuni mwa kisigino, na moja, ajabu, karibu na kiganja cha mkono.

"Samahani, mtabibu," alisema Fundi. "Kinachouma ni kisigino. Huko kigimbini na mkononi unatafuta nini?"

"Natafuta njia ya kwenda kisiginoni."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Lakini moyoni alisema kwamba kiraka huwekwa penye tundu. Hajapata kuona suruali iliyotoboka gotini ikashonwa kiunoni.

Mkewe alilala. Mchana kweupe, mguu umesimamisha sindano, alilala usingizi wa kukoroma, na wifi yake aliyekuwa amejiandaa kutania akashindwa. Alipoamshwa na kuteremka, alisimama kwanza na kusubiri. Alikanyaga. Alikanyaga tena, kwa nguvu zaidi, akawatazama wote watatu kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia.

Mtabibu alikuwa akizidondosha sindano zilizotumika kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko.

"Zinatupwa?" aliuliza Fundi.

"Zinatupwa."

"Si mpya hizi?"

"Sindano moja, mtu mmoja, mara moja tu."

Fundi aliliangalia lile kopo kama anayeangalia wali wa moto ukimwagwa mtaroni. Mtabibu alikuwa akitoa maagizo: arudi kila wiki mpaka atakapoambiwa basi, anunue viatu vya soli laini, apunguze kusimama. Hilo la kupunguza kusimama mke wa Fundi alilipokea kwa tabasamu la adabu. Mtu anayelipwa kwa kusimama husikia ushauri huo kama anavyosikia matangazo ya nyumba zinazouzwa. Kisha bei ikatajwa, na wifi akafungua mkoba. Fundi aligeukia ukuta akasoma cheti cha mtabibu kuanzia juu hadi chini, ingawa miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani.

*

Kisigino kilikaa vizuri siku chache. Asubuhi ukuta haukupapaswa, na Mzani pale ngazini aliitikia salamu akakosa la kuongeza. Kisha kidogo kidogo maumivu yalirudi, si yote, nusu yake, kama mgeni aliyesahau mwavuli na kurudi kuutafuta. Siku ya kwenda tena kwa mtabibu ilikaribia. Wifi alituma ujumbe kwamba atalipa na safari hii.

"Mwambie asante," alisema Fundi. "Mwambie mke wangu ana mume."

"Na mume anazo?"

Fundi alikaa mbele ya cherehani yake akisugua gurudumu kwa kidole. Mkewe alijuta kusema vile, lakini kauli ikishatoka haina mlango wa kurudia.

"Pesa sina," alisema Fundi mwishowe. "Sindano ninazo."

Ilikuwa Jumapili mchana. Alitandika karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia, akamwomba mkewe akanyage, akauchora mguu wake pande zote kama achoravyo kiolezo cha mkono wa koti. Akachukua chaki yake akaweka alama. Hakukosea hata moja, maana jicho lake lilikwisha kuvipima vituo vyote kule kwa mtabibu. Ila zile za kigimbini na ya mkononi aliziacha, aliziona ni mapambo tu ya kupandishia bei. Badala yake aliongeza kisiginoni, palipokuwa na tundu, safu mbili zilizonyooka.

Alichagua sindano za kushonea shanga, zile nyembamba kabisa. Alizichemsha kwenye sufuria ya chai mpaka maji yakakaribia kukauka, akazianika juu ya kitambaa safi. Hakuwa mjinga, na wala hakuwa mzembe. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake ambayo haumwombi ruhusa mwenyewe. Kabla ya kuchoma, aliichukua kila sindano akaipitisha kwenye nywele zake, mara mbili tatu, ili ipate mafuta na iteleze vizuri. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote kabla ya kila mshono, na hakujua kwamba amefanya.

Mkewe aliona. Aliona, na kitu fulani kilimwambia kwamba si sawa, na hakusema. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameupakata mguu wake juu ya paja, na mikono yake ilikuwa ya joto, yenye uhakika. Hakuwa ameshikwa miguu yake tangu enzi za ujauzito, ilipovimba. Alimpenda saa ile, na alimhurumia, na mwanamke akichanganya hivyo viwili huvumilia mengi yasiyostahili kuvumiliwa.

Fundi alivaa subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, akasukuma.

"Unasikiaje?"

"Naisikia."

"Inauma?"

"Si sana."

Iliuma mpaka kwenye meno. Ya mtabibu zilikuwa kama kung'atwa na sisimizi. Hizi ziliingia kama zilivyo, sindano za kushonea. Asubuhi yake alikanyaga sakafu na machozi yakamtoka, lakini Fundi aliuliza kutoka kitandani, kwa sauti ya kijana, "Vipi?" Naye akajibu, "Nafuu."

Neno hilo moja lilimnenepesha Fundi. Alikunywa chai akaongeza mkate, akapiga mluzi kwenye cherehani, akamweleza mteja aliyeleta suruali kwamba hao wenye vyeti wanatupa mali bure. Kila jioni mkewe aliporudi kazini alimkuta ameshachemsha sindano zake, zile zile, na karatasi ya kaki imetandikwa. Kila jioni alimpa mguu. Na kila asubuhi alimpa lile neno.

*

Mguu ulivimba. Kwanza kisigino, kisha kifundo, mpaka kiatu chake kikakataa kuingia. Alimwambia Fundi kwamba ni uchovu wa kawaida, na jioni mbili akamwomba amwache apumzike. Asubuhi ya tatu alichukua raba kuukuu ya Fundi iliyokuwa chini ya kitanda, akaivaa mguu mmoja, akavaa kiatu chake mguu wa pili, akaenda kazini akiwa na homa.

"Dada," alisema Mzani pale ngazini, "leo umekuja na kiatu cha nani?"

"Changu kimekatika, mkuu."

Alijaza ndoo, akapanda. Ngazi za kwanza alizipita kwa hasira tu. Kwenye kona mguu ulikataa kabisa, ukakunjika chini yake, na ndoo ikamtoka mkononi. Maji yaliteremka ngazi baada ya ngazi, na sabuni yake, na povu lake, mpaka kwenye viatu vya Mzani na vya watu wa ofisini waliokuwa wakisubiri lifti. Mmoja aliruka, mwingine akalaani. Mwanamke mmoja alishika sketi yake juu kama anayevuka mto.

"Vua hicho kiatu," alisema Mzani.

"Mkuu, nitapanguza sasa hivi."

"Vua."

Aliketi kwenye ngazi iliyolowa akavua, mbele yao wote. Raba ilitoka, soksi ya Fundi ikatoka pamoja na kitu cha majimaji, na harufu ikafika kwenye lifti. Mguu ulikuwa mwekundu, unang'aa, na kisiginoni matundu yalikuwa yakitoa usaha. Mtu alisema "Mungu wangu" na kuziba pua. Lifti ikafika, na wote wakaingia humo kwa haraka waliyokuwa hawana dakika moja iliyopita.

Aibu ile ilimuuma kuliko kisigino, na alilia kwa aibu, si kwa maumivu. Mzani naye alikuwa amebadilika rangi. Hakuwa mnyama, alikuwa mtu anayepimwa na wengine huko juu kama alivyopima wa chini.

"Nenda hospitali, dada. Nenda sasa hivi."

"Na kazi yangu?"

"Kesho asubuhi lazima pawe na mtu wa kushika ndoo hii. Akija mwingine akaiomba, nitampa. Sikufichi."

*

Wifi ndiye aliyeleta teksi, na Fundi ndiye aliyemshika mkewe mabegani mpaka chumba cha daktari. Alikuwa ametoka mbio cherehanini, na utepe wake wa kupimia ulikuwa ungali shingoni.

Daktari alikuwa kijana. Aliuinua mguu, akaugeuza kwenye mwanga.

"Umekanyaga nini?"

"Msumari," alisema mke wa Fundi.

"Msumari mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi una akili huo msumari. Umetoboa safu mbili, sawasawa, kama vifungo vya koti la suti."

Fundi aliangalia safu zile. Nafasi kati ya tundu na tundu ilikuwa nafasi ya mkono wake, angeitambua popote.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mzee?"

"Nilimchoma mimi. Ninashona. Nilitaka kumtibu." Akaeleza habari yote, ya mtabibu na ya kiolezo na ya sufuria ya chai. Alieleza kwa mikono pia, na mikono ikaonyesha kila kitu kwa uaminifu, mpaka ikafika kichwani na kupitisha sindano isiyokuwapo kwenye nywele. Hapo ilisimama yenyewe.

"Kwenye nywele," alisema daktari.

"Ili iteleze."

Fundi alitamani apigiwe kelele. Daktari hakupiga. Alisema kwamba mtabibu wa kwanza hakuwa na kosa, na sindano zake hazikuwa na kosa, lakini mwili wa mtu haufumuliwi ukashonwa upya. Alisema usaha utatolewa leo, dawa zitafuata, na mguu usikanyage chini kwa wiki kadhaa. Kisha akaongeza, akiwa anavaa glavu, kwamba wangengoja kidogo wangekuwa wanazungumzia kuukata.

Baadaye walikaa kwenye benchi la ukumbini wakisubiri dawa, mguu wa mke umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya kiti cha pili. Fundi alikuwa ameushika utepe wake kwa mikono miwili, anauviringisha, anaukunjua.

"Kwa nini hukuniambia inauma?"

"Ulikuwa unakula vizuri."

"Ungeniambia. Ningeacha siku ile ile."

"Najua ungeacha." Alikuwa amechoka mno kumficha kitu. "Unadhani nilizitaka sindano zako? Nilitaka mguu wangu ushikwe, basi. Ungeushika tu hivi hivi, bila sindano, ningelala na nisingedai tiba nyingine."

Fundi alilia palepale, mwanamume mzima, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso zao upande wa dirisha. Wifi alirudi na mfuko wa dawa akawakuta hivyo.

"Ninyi wawili mngeuza kiburi chenu mngejenga ghorofa," alisema, na yeye macho yakiwa yamemlowa. "Mmoja hataki kuomba, mwingine hataki kusema. Haya, nyumbani."

"Kesho asubuhi Mzani anampa mtu ndoo yangu," alisema mke wa Fundi, na hakumwambia yeyote hasa.

*

Asubuhi Fundi aliuvua utepe shingoni akautundika kwenye msumari. Alivaa kofia, akaivuta mpaka juu ya nyusi. Jengo lile alilijua vizuri zaidi ya alivyopenda. Enzi za mkono wake kusifika aliwavisha nusu ya wakubwa wa humo: mwanasheria wa ghorofa ya sita, yule wa benki, mhasibu mnene aliyekuwa akidai kila mwaka kwamba kipimo chake ni kile kile. Wote walikuja dukani kwake, wakamwita bwana fundi, wakanyoosha mikono huku na huku awapime. Njia nzima alikuwa akifikiri atawaambia nini.

Mzani alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Nikusaidie nini, mzee?"

"Mimi ni mume wa yule wa mguu. Nimekuja kushika ndoo yake mpaka atakapopona."

"Wewe si yule fundi wa suti?"

"Ndiye."

"Na cherehani?"

"Cherehani itangoja. Ninyi hamngoji."

Mzani alikuwa na majina mengine, ya vijana, wawili walikuwa tayari wamesimama nje ya mlango. Kisha akaionyesha ndoo kwa kidevu. "Panda nikuone."

Fundi alijaza ndoo akapanda. Mgongo wake ulikuwa umezoea kuinama, haukuzoea kubeba, lakini alikaza meno na hakuigusa reli. Huko juu aligeuka, kama mtu anayejaribu koti mbele ya kioo, na chini Mzani alikuwa ameweka mikono nyuma.

"Kazi inabaki kwa jina la mkeo," Mzani alimwambia. "Wewe unashika tu. Ukishindwa wewe, mmeshindwa wote wawili."

Alipiga deki kuanzia ghorofa ya pili. Ilipofika saa ya watu kuingia ofisini alikuwa ya sita, na moyo ulikuwa ukimwenda mbio kuliko mopu. Mlango wa lifti ulifunguka. Mwanasheria alitoka, amevaa suti ya kijivu. Fundi aliitambua kutoka mbali kwa bega lake la kushoto, ambalo alilishona mara tatu mpaka lilipokaa, kwa sababu mwanasheria alikuwa na bega moja chini. Alijinyoosha. Alishusha mopu, akatayarisha uso wake na maneno yake. Namsaidia mke wangu kidogo, bwana, anaumwa. Mambo ya nyumbani.

Mwanasheria alikuwa akizungumza kwenye simu. Alifika penye maji, akainua miguu ya suruali kwa vidole viwili isilowe, akapita. Aliacha alama za viatu vyake ukumbi mzima. Fundi alibaki amesimama wima, uso bado umetayarishwa, mpaka mlango wa ofisi ulipofungwa. Halafu akachovya mopu akaanza upya kutoka mwanzo.

Alirudi nyumbani jioni, mgongo umekuwa ubao. Mkewe alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, na wifi alikuwa amemwachia uji. Ilionekana hakulala mchana kutwa.

"Amekupa?"

"Amenipa."

Alifumba macho akashukuru. Kisha akayafumbua, maana lile la pili ndilo lililomnyima usingizi. "Na wateja wako? Nani amekuona?"

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kofia.

"Hakuna."

"Hawakuja kazini?"

"Walikuja wote. Yule wa benki, yule mhasibu. Mwanasheria alinipita karibu hivi, na suti yangu mwilini." Aliigeuza geuza kofia mkononi. "Nilikuwa hata nimeandaa la kumjibu."

Mkewe alimtazama bila kucheka wala kumwonea huruma.

"Na mimi niliandaa la kwangu, mwaka wangu wa kwanza pale," alisema. "Bado ninalo."